Nyota Kilema ya Kasenga

Mvumilivu hula mbovu.

Najua, ninyi mlifundishwa mbivu. Aliyewafundisha hajawahi kungoja barua.

Bibi yangu Albertine alingoja miezi tisa. Na katika miezi hiyo tisa, kipande cha kila barua aliyokuwa anaingoja kilipita mikononi mwake. Alikishika kwa kibano. Akakitazama kwa lenzi. Akakipanga vizuri kwenye kisanduku cha sigara.

Hakujua kwamba ni cha kwake.

Tulieni, nitawaeleza. Alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara alikuwa bado amekasirika.

Mwaka ni 1954, mji ni Élisabethville, Lubumbashi yetu hii. Albertine ana miaka ishirini na diploma ya masista. Anaishi cité Albert, mtaa wa Waafrika ambao leo tunauita Kamalondo, pamoja na mdogo wake Germaine na mama yao Madeleine, fundi wa kushona, mjane wa mtu wa reli kutoka Kongolo.

Kazi yake ilikuwa kanisani, kwenye meza ya stempu.

Wakristo wa siku zile walikuwa na desturi yao: stempu iliyotumika haitupwi. Unaikata kwenye bahasha, unaitia katika kikapu mlangoni mwa kanisa, misheni inaiuza kwa wakusanyaji wa Ulaya. Ni sadaka. Mama asiye na kitu cha kutoa alitoa stempu, akaenda kupiga magoti na moyo mweupe.

Aliyesimamia kazi hiyo ni Père Adalbert, padri Mbelgiji mwenye ndevu za rangi ya tumbaku. Yeye picha ya stempu haikumshughulisha hata kidogo. Mitende, tembo, mfalme, yote kwake yalikuwa mapambo ya duka. Alichokitaka ni muhuri wa posta uliogongwa juu yake.

Ndiyo maana kila mwezi alikumbusha altareni: "Kateni kwa mkasi. Acheni karatasi pembeni, upana wa vidole viwili. Muhuri ubaki mzima!"

Albertine ndiye aliyezipanga stempu hizo. Kwanza umbo: pete moja au pete mbili. Kisha herufi: nene au nyembamba, zenye miguu au zisizo na miguu. Mwisho pambo la chini: nukta, msalaba mdogo, nyota, au patupu. Kila aina na kisanduku chake.

Baada ya mwaka mmoja hakuhitaji lenzi tena. Alizitambua kwa mbali, kama mama anavyomtambua mwanawe kwa kikohozi.

Kulikuwa na muhuri mmoja uliompendeza Père Adalbert kuliko yote. Ulitoka Kasenga, kule kwenye mto Luapula. Pete mbili, herufi nyembamba zenye miguu, na chini nyota iliyovunjika mkono mmoja. Sijui chuma chake kilianguka wapi.

Albertine aliupa jina: Nyota Kilema.

Ulifika kila mwezi, daima juu ya karatasi ya bluu. Père alisugua mikono kwa furaha. Albertine yeye aliumia.

Kwa sababu Kasenga ndiko alikokwenda Donat.

Donat Musonda, kijana wa Luapula, mwenye mabega mapana na maneno machache. Alipata kazi ya kuandika mizigo ya samaki kwenye mashua. Siku ya kupanda lori alimwambia Albertine: "Kila mwezi barua. Nikikosa, ujue nimekufa."

Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tano, we acha tu.

"Kasenga yote inaandika," Albertine alimwambia Germaine, "isipokuwa mutu moja."

"Pengine amekufa."

"Samaki haizami mu maji, weye."

Mama Madeleine alisikia akiwa kwenye cherehani yake. Hakuinua hata kichwa.

"Nilikuambia. Bantu ba samaki, leo iko hapa, kesho iko kule. Casimir iko hapa kila siku."

Na kweli Casimir alikuwa hapo kila siku. Karani wa mjini, kofia, baiskeli, mkono wa kusalimia unaonukia sabuni. Si mtu mbaya. Mkitaka nimseme vibaya, mtangoja sana.

Mwezi wa tisa Albertine akakubali. Aliniambia: "Nilichoka kungoja. Sikuchoka kumupenda Donat. Ni bitu mbili."

Basi ndoa ikaanza kutangazwa kanisani, Jumapili tatu mfululizo kama sheria inavyotaka. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ikabaki moja, na harusi Jumamosi inayofuata.

Ijumaa, siku mbili kabla ya tangazo la tatu, ndipo dunia ilipopinduka.

Kila wiki Kapya, katekista wa parokia, alimwaga kikapu cha stempu kwenye sinia na kufungua vifurushi kabla ya kumletea Albertine. Siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda mazishini. Akakileta kikapu chenyewe.

Ndani yake, juu ya vipande vya karatasi, kulikuwa na kisanduku cha kiberiti kilichofungwa kwa uzi mwekundu.

Albertine alicheka. Uzi ule aliujua. Mama yake alifunga kila kitu kwa uzi ule: chumvi, dawa ya tumbo, vitunguu. Kumbe na mama hutoa stempu!

Kisha kicheko kikakatika.

Mama hajui kusoma. Hakuna anayemwandikia. Nyumba yao haipati barua. Stempu amezitoa wapi?

Akakata uzi kwa meno.

Vipande viwili, vyote vya bluu. Kimoja Nyota Kilema, cha mwezi uliopita. Cha pili muhuri wa Élisabethville yenyewe, umegongwa Jumanne. Jumanne ya wiki ileile.

Akavuta kisanduku cha Kasenga, akatoa vipande vyote vya bluu, akavipanga mezani kwa tarehe. Nane. Hiki kipya, cha tisa. Miezi tisa, hakuna mwezi uliorukwa.

Mtu aliyeandika kila mwezi kutoka Kasenga, sasa yuko hapa mjini.

Hakukaa tena. Barua za cité zilifikia misheni, na Kapya ndiye aliyezigawa; alimkimbilia, akamshika njiani kabla hajafika mazishini.

"Ba Kapya, kuna barua yangu ilifikaka kwa misheni?"

"Iko mingi. Kila mwezi."

"Ulimupa nani?"

"Mama yako! Barua ya binti inapita kwa mama. Njo desturi." Kwetu "njo" ni "ndiyo". Kapya alimshangaa kabisa. "Juu ya nini unauliza? Hakukupa?"

Nyumbani alimkuta mama yake akipiga pindo la gauni la harusi.

"Mama, hizi timbre ulitoa wapi?"

"Niliokota."

"Uliokota mara tisa?"

"Weye, unaanza kuhesabia Mungu sadaka yake?"

"Barua iko wapi, mama?"

"Barua gani? Kuja hapa, upime mikono ya robe."

Usiku ule hakulala. Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni kwa Père Adalbert, na kiberiti mkononi.

"Mon Père, ni wewe ulinifundisha, muhuri haudanganyi."

"Haudanganyi," alisema padri. Alivitazama vile vipande kwa muda mrefu, na nadhani aliona haya, maana Nyota Kilema zile alikuwa ameanza kujisifia kwa barua mpaka Bruges, kwao Ubelgiji. "Lakini ndoa haisimamishwi kwa karatasi ya bluu. Mwenye kizuizi husema kanisani, mbele ya watu. Ndiyo sheria, mwanangu."

Alisema hivyo ili mazungumzo yaishe.

Albertine alisikia jingine kabisa.

Jumapili kanisa limejaa. Casimir benchi la mbele, kofia magotini. Père Adalbert akasoma kwa mara ya tatu: Casimir na Albertine wanakusudia kufunga ndoa, mwenye kujua kizuizi aseme.

"Mimi."

Padri akatazama juu ya miwani. "Wewe ndiwe bibi harusi."

"Njo mimi. Na kizuizi, njo niko nacho."

Upande wa wanawake mtu akapasuka kwa kicheko. "Yesu! Bibi harusi anajikataa yeye mwenyewe!"

Albertine akainua kiberiti juu, uzi mwekundu unaning'inia. Akaeleza kila kitu, kwa sauti, mpaka wale waliosimama nje walisikia. Kwamba ameandikiwa barua kumi na hajasoma hata moja. Kwamba alisema "ndiyo" kwa Casimir kwa sababu alidhani mwingine amenyamaza.

"Sitaolewa mpaka nisome."

Kofia ya Casimir ikaanguka chini. Ikabiringika hadi kwenye ngazi za altare. Hakuna aliyethubutu kuiokota.

Mama Madeleine akasimama, akatoka nje. Watu wakadhani amekimbia.

Hakukimbia. Misa ilipokwisha alikuwa uani, jasho linamtiririka, na debe la unga wa muhogo kichwani. Akalitua miguuni pa binti yake, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akatoa bahasha za bluu, moja moja, nyeupe kwa unga.

Kumi. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Lakini kila moja ilikuwa na dirisha la mraba kwenye kona, lililokatwa kwa mkasi, vidole viwili pembeni, kama padri alivyoagiza. Mkasi ulikuwa umepita na barua ndani.

"Mama," Albertine alisema, "kama ulitaka kuficha, juu ya nini ulipeleka timbre?"

Mama Madeleine akamtazama kama anayemtazama mpagani.

"Timbre ni ya Kanisa. Niibie Mungu?"

Elewa hapo. Kumficha binti yake barua, hiyo aliita malezi. Kutupa stempu, hiyo aliita dhambi. Na ule muhuri, kwake ulikuwa uchafu wa wino tu. Hakujua kwamba uchafu unataja mji na siku.

"Baba yako alikuwa mutu wa reli," aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Miaka tisa nilingoja barua yake, ikifika nazunguka cité yote kutafuta mutu wa kunisomea. Bantu bote banajua mambo ya bwana yangu mbele yangu. Ya mwisho, nilisomewa na mutoto wa jirani. Ilisema amekufa. Sikutaka weye uolewe na mutu wa kungojwa."



Albertine akachukua barua iliyopigwa muhuri Jumanne. Hiyo kwanza. Miguu yake ilikuwa tayari inataka kukimbia: Donat yuko mjini, Donat amemfuata, labda yuko stesheni, labda anangoja pale penye malori ya samaki.

Akapasua. Akasoma.

"Jumapili nilikuja kukuona. Nilikaa benchi la nyuma. Nikasikia jina lako na jina la mutu mwingine. Sina hasira. Wazee wa kwetu wamenichagulia binti, Mumba, tangu zamani, nilikuwa ninawaomba bangoje mpaka nikuone. Sasa nimekuona. Jumamosi nitaoa. Mungu akulinde."

Jumamosi. Jana yake.

Alisoma mara mbili. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la Jumapili.

Alisema neno moja nililoliweka moyoni: "Muhuri unakuambia barua imetoka wapi na lini. Haukuambii inasema nini." Yeye aliyejua pete na nyota zote za Kongo alikuwa amesoma nje tu, na kwa nje akasimamisha harusi.

Hata hivyo, afadhali kusoma ukaumia kuliko kulindwa usisome. Mwenye kukufichia barua kwa upendo amekuficha wewe. Hilo ndilo somo, mlichukue au mliache.

Kesho yake alirudi kazini, akachomoa Nyota Kilema nane kwenye kisanduku, akamwambia Père Adalbert: "Hizi ni zangu." Padri hakubisha. Babu yangu alikuja miaka minne baadaye, fundi seremala, akaleta posa kwa miguu yake mwenyewe, si kwa posta. Vipande kumi vya bluu viko kwangu, bado kwenye kiberiti.

Lakini turudi uani, maana pale ndipo familia yetu inapogombana mpaka leo.

Casimir alikuja, ameshika kofia yake, ameipangusa vumbi. Nimesema si mtu mbaya.

"Aombe samahani hapa, mbele ya bantu," alisema. "Mi nitamuoa Jumamosi, na sitarudilia hii neno siku hata moja."

Wanawake wakashusha pumzi. Kapya akasema amina. Père Adalbert akainama: "Mwanangu, kizuizi chako kimekwisha."

Germaine akamvuta mkono. "Yaya, dada yangu, sema tu. Neno moja."

Na mama yake, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akasema polepole: "Mutoto yangu. Kwa ajili yangu."

Albertine akainuka. Akakusanya barua zake kumi, akazipangusa unga, akazipanga kwa tarehe. Halafu akamtazama Casimir, akamtazama padri, akamtazama mama.

"Barua ilikuwa yangu. Jina lililotangazwa lilikuwa langu. Mwenye kizuizi mulisema aseme, nikasema."

"Albertine..." padri alianza.

"Samahani siombi."