Ulimi wa Hilda

Wateja wa zamani wa Hoteli ya Pino hawakuhitaji saa kujua kwamba chakula kimeiva. Walikaa wakimega mkate na kuzungumza taratibu, kama watu wasiokuwa na simu ya kuwasumbua. Kisha kupitia kidirisha cha jikoni ilisikika sauti ya mwanamke, fupi na kavu: "Tayari!" Hapo mmoja alichomeka leso kwenye kola, mwingine akavuta kiti mbele, na mazungumzo yakakatika hapo hapo, hata yangekuwa ya siasa.

Sauti ile ilikuwa ya Hilda, mzaliwa wa Chamwino, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Emilia. Kwa miaka ishirini na minne, kazi yake kubwa duniani ilikuwa kulisema neno hilo, na kutolisema kabla ya wakati wake.

Aliingia pale kama mwosha masufuria. Pino mwenyewe, fundi mwashi Mwitaliano aliyekuja Dodoma kujenga makanisa akasahau kurudi kwao, alikuwa na meza sita tu na mpishi mmoja, Mbwana wa Kondoa, baba yake Asma. Alimfundisha Mbwana kila kitu: kukanda unga kwa mayai, kuukata tambi pana kwa kisu, na kupika sosi ya nyama kwa saa nzima na zaidi mpaka nyama isahau kwamba ilikuwa nyama. Lakini sosi ile ilitiwa mvinyo mwekundu wa zabibu za Hombolo, na Mbwana alikuwa mtu wa swala tano. Alisema siku ya kwanza, wala hakurudia: "Nitapika, Mzee. Kuonja, hapana." Basi Pino alionja mwenyewe.

Siku moja Pino aliamka na homa. Wateja walikwisha kaa, sosi inachemka, na Mbwana akatoka uani na kijiko mkononi kama mtu anayetafuta pa kukopa ulimi. Mhudumu wa meza, Habibu, naye alikuwa Mwislamu. Aliyebaki alikuwa Hilda, mikono imejaa povu.

Alijifuta, akaonja. "Bado," alisema. "Nyanya bado zinagombana na nyama."

Mbwana alicheka. "Ulimi uliolelewa na mlenda unajua nini wewe?"

"Unajua kilichoiva na kisichoiva. Wapelekee sasa hivi kama unataka aibu."

Mbwana aliiacha sosi jikoni kwa nusu saa nyingine. Jioni Pino alipopata nafuu, akakomba mabaki ya sufuria kwa mkate, aliuliza swali moja tu: nani kasema tungoje? Kesho yake Hilda alipewa aproni nyeupe na kijiko chake cha mti, na masufuria akapewa mwingine.

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakipandishwa cheo wakati huo. Hapakuwa na usaili wala cheti. Mtu alijua kitu, na mwingine mwenye kujua akakiona.

Pino alikufa na akazikwa humu humu mjini. Hoteli ilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mtu mwungwana ambaye hakubadilisha hata vitambaa vya meza, na baada yake ikashikwa na binti yake, Dhara. Familia hiyo haikula nyama tangu mababu. Habibu alikuwa na maneno yake ya kuwapokea wageni: "Mwenye hoteli hali nyama, mpishi haonji mvinyo, na mimi nina vidonda vya tumbo. Chakula kikiwa kibaya, mlaumuni mama Emilia." Wageni walicheka, wakala, na sahani zikarudi jikoni zimepanguswa kwa mkate mpaka ua lililochorwa katikati likaonekana. Pino alikuwa ameacha sheria kwamba mkate wa kupangusia haulipiwi, kwa sababu sosi iliyobaki sahanini ni tusi kwa mpishi.

Siku hizi wapo wanaoingia, wanapiga picha ya tambi kwa pande nne, zinapoa, kisha wanaomba tomato sosi ya chupa. Hilda aliwaona kupitia kidirisha. Alimtazama Mbwana, naye Mbwana akatazama ukuta.

Mwezi wa tatu mwaka huu Hilda aliugua mafua makali. Alipopona, alikoroga chai yake asubuhi, akanywa, akaongeza sukari, akaongeza tena. Alimwita binti yake.

"Emilia, sukari hii umenunua wapi?"

"Dukani, mama. Kwani ina nini?"

"Haina kitu."

Emilia alionja chai ile akaitema. "Mama, hii ni asali!"

Hilda aliweka kikombe chini polepole. Alionja chumvi, ikawa kama mchanga. Alitafuna ndimu, ikamfinya mashavu tu. Ulimi ulikuwepo, lakini ulikuwa kama nyumba waliyohama watu.

Alijiambia utarudi. Siku ile kazini Mbwana alimnyooshea kijiko kama kawaida, Hilda akala, akasubiri ladha isiyokuja. Angeweza kusema. Lakini Dhara alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake jipya na mizani ndogo ya betri. Binti huyu hakuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wakubwa shikamoo kila asubuhi na hakuchelewesha mshahara hata mwezi mmoja. Ila alikuwa amehudhuria semina za biashara, na huko walimfundisha kwamba jiko lisilo na vipimo ni kubahatisha. Mwezi mzima alikuwa akiuliza, kwa adabu, mama Emilia anafanya nini hasa pale jikoni. Asingekuwa na ulimi, jibu lingekuwa: hafanyi kitu.

"Tayari," alisema Hilda. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwenye jiko lile.

Haukuwa uongo wa mvivu. Kuanzia siku hiyo alianza kuitazama sosi kama asivyowahi kuitazama. Utotoni Chamwino, mama yake hakuonja mlenda, mboga ile ya kuteleza, kujua umeiva. Alinyanyua mwiko juu na kuangalia unavyoshuka, kama unavutika na unakatikia wapi. Hilda alinyanyua kijiko chake cha mti. Aliona kwamba sosi mbichi hudondoka matone matone, na iliyoiva hushuka kwa uzito, inasitasita kwenye ncha ya kijiko, kisha inaachia yote kwa pamoja. Alisikiliza. Mwanzoni sufuria hupiga kelele nyingi nyepesi. Mwishoni hutoa mlio mmoja mmoja, mzito, kama mtu anayepumua usingizini. Aliangalia mafuta yanavyojitenga pembeni. Katika miezi mitano alijifunza kwa macho na masikio kile ambacho ulimi ulikuwa ukimpa bure, na hakuna mteja aliyelalamika.

Chumvi tu ndiyo isiyoonekana wala kusikika. Chumvi aliuachia mkono wa Mbwana, na mkono ule haukuwahi kukosea.

Ulikosea Jumamosi moja ya mwezi wa nane, upepo wa baridi ukivumisha vumbi mpaka kwenye vitasa. Mbwana alitia chumvi, akaitwa nje kupokea mtungi wa gesi, akarudi, akatia tena. Hilda alinyanyua kijiko, akaona sosi inashuka vizuri, akameza kidogo kwa desturi.

"Tayari!"

Kwenye meza ya dirishani alikaa Mzee Gideoni, mpima ardhi mstaafu. Jumamosi zote tangu enzi za Pino alikula pale, kwanza na mkewe, sasa peke yake. Habibu alimpelekea sahani. Baada ya muda mfupi aliirudisha jikoni ikiwa imejaa, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba habari ya msiba.

"Mzee kasema kama kuna mtu humu ana hasira naye, aambiwe tu."

Dhara aliingia nyuma yake. Hakuweza kuionja sahani ile, lakini Habibu alichovya ncha ya mkate kwenye chumvi iliyomwagika mezani, akamtazama, naye akaelewa.

"Mama Emilia, si ulionja?"

Hilda alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Mbwana alisema, bila kugeuka kutoka kwenye jiko, "Alionja. Mimi niliongeza chumvi baada ya yeye kuonja. Kosa ni langu."

Dhara alivuta pumzi. "Basi hiyo ndiyo sababu tunahitaji mizani, Mzee Mbwana. Jumamosi ijayo tutapika kwa daftari. Gramu zitapimwa, dakika zitahesabiwa na simu. Ikitoka vizuri, mama Emilia hatakuwa na haja ya kusimama hapa. Anaweza kurudi kwenye vyombo, au apumzike nyumbani. Sisemi kwa ubaya."

Alipotoka, Mbwana alizima moto, akachukua kigoda, akaenda uani. Hilda alimfuata.

"Tangu lini?" aliuliza Mbwana.

"Tangu yale mafua."

"Miezi mitano unaniambia tayari, tayari!"

"Na ilikuwa tayari, baba Asma. Niambie siku moja ambayo haikuwa."

Mbwana alitafuta siku hiyo kichwani, hakuipata. Alikuna kidevu. "Ulikuwa unajuaje?"

Akamweleza juu ya mwiko wa mama yake, matone, na mlio wa sufuria. Mbwana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe Hilda alisema, "Shida ni chumvi. Chumvi siioni."

"Chumvi nitaionja mimi."

"Na mvinyo?"

"Nitatia chumvi kabla ya mvinyo. Nyama na nyanya zikiwa peke yake, najua kiasi gani itabaki ikishakauka. Nimeipika miaka mingapi?"

Hilda alimtazama. "Kwa hiyo ungeweza tangu mwanzo."

"Ningeweza."

"Miaka ishirini na minne, baba Asma, unanitafuta na kijiko. Ungeweza kuonja mwenyewe kabla ya mvinyo."

"Nimesema ningeweza." Mbwana alisimama, akajipangusa vumbi. "Ungekuwa bado uko kwenye masufuria. Halafu hiyo nusu saa ya siku ile, nisingeijua mimi. Chumvi ni kitu kimoja. Kuiva ni kitu kingine."

Watu wa namna hii wamebaki wachache, wanaomfanyia mwenzao jambo kwa miaka ishirini na minne bila kumtajia, na wanaona haya wanapogunduliwa.

Jumamosi iliyofuata Dhara alisimama jikoni tangu asubuhi. Nyama ilipimwa. Nyanya zilipimwa. Mbwana alitia chumvi mapema, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamimina mvinyo na hakugusa tena kijiko. Daftari lilisema dakika tisini. Hilda alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, mikono mapajani, akisikiliza.

Simu ililia. Dhara aliizima. "Dakika tisini. Habibu, leta sahani."

"Bado," alisema Hilda.

"Mama, daftari—"

"Ng'ombe huyu alikuwa mzee, mwanangu. Hajui kusoma daftari." Alinyanyua kijiko. Sosi ilidondoka matone matone. "Unaona? Inakimbia. Ikiiva haikimbii."

Dhara alimtazama Mbwana. Mbwana alikunja mikono. "Mimi nilifikiri imefika," alisema. "Lakini yeye kasema bado."

Kwa hiyo walingoja. Nje Mzee Gideoni alikwisha maliza kikapu cha mkate, na vijana wawili wa meza ya pili waliuliza mara mbili kama wamesahauliwa. Habibu aliwaambia hoteli hii ilisahau watu wa haraka tangu ilipofunguliwa. Dakika kumi zilipita, zikawa ishirini. Dhara aliangalia saa, akaangalia sufuria, na hatimaye, pengine bila kujua, akainama naye kusikiliza. Kelele nyepesi zilikuwa zimekwisha. Sufuria ilitoa mlio mmoja, ikanyamaza, ikatoa mwingine.

Hilda alinyanyua kijiko. Sosi ilishuka kwa uzito, ikasita kwenye ncha, ikaachia yote.

"Tayari!"

Kupitia kidirisha walimwona Mzee Gideoni akichomeka leso kwenye kola.

Alikula bila kuinua macho. Alipomaliza aliomba mkate zaidi. Sahani iliporudi jikoni ua la katikati lilikuwa linang'aa, na Habibu aliiweka mbele ya Dhara, siyo kwenye beseni. "Hii mtu aweza kuirudisha kabatini," alisema.

Hapo Hilda alifungua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Mbwana alimkonyeza anyamaze, hakunyamaza.

"Mwanangu, nina neno. Jumamosi ile Mbwana alikudanganya kwa ajili yangu. Ulimi wangu umekufa tangu mwezi wa tatu. Sionji kitu. Hata leo sikuonja."

Dhara alitazama sahani, akatazama sufuria. "Kwa hiyo kwenye jiko hili," alisema polepole, "mimi sili nyama, mzee haonji mvinyo, na mama hana ulimi."

"Na mimi nina vidonda vya tumbo," alisema Habibu.

Mbwana ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kifua cha watu wa Kondoa, na Dhara akashindwa kujizuia. Alipokwisha kupangusa macho alichukua daftari lake. Kwenye mstari wa chumvi aliandika: Mbwana, kabla ya mvinyo. Kwenye mstari wa muda, pale palipokuwa na dakika tisini, alikata kwa kalamu, akaandika: mpaka Hilda aseme. Kisha alimrudishia aproni.

"Vaa, mama. Meza ya pili wanangoja."

Ulimi haujarudi hadi leo. Chai anakorogewa na Emilia.