Filo, Uliyekata Mkate Ukachukua wa Mwisho

Nimeandika "Filo hayupo" nikafuta, nikaandika tena. Mkono unakataa. Juzijuzi tu alinitumia voice note ananicheka!

Kwa msiomjua: Filomina alikuwa Mhindi, yatima aliyelelewa na kusomeshwa na masista wa Kikatoliki kwao. Tulikutana jikoni, villa moja ya Al-Malqa, Riyadh, sote wafanyakazi wa ndani. Mimi ndio kwanza nimetoka Kakamega, hesabu nilizikimbia shule ya msingi.

Alinifundisha kugawanya kwa mkate wa madam. "Kata sawasawa, sister. Anayekata huchukua kipande cha mwisho." Ndiyo ilikuwa sheria ya masista: mwenye kisu asijipendelee.

"Wewe na masista wako mtakufa njaa!"

"Basi kata vizuri."

Layan, binti wa bosi, alikuwa anafeli fractions. Filo akamketisha nasi meza ya jikoni. Leo Layan yuko university. Mimi nasimamia salon hapa mtaa wa Karantina, Jeddah, na hakuna supplier wa kunichezea kwa hesabu.

Familia ilihamia Jeddah, Filo akaja nayo. Wiki iliyopita alimwambia madam kifua kinambana. Madam akamjibu, "Wageni wakiondoka tutaona."

Wageni waliondoka. Filo pia.

Masista wanataka kumzika kwao India, pale shuleni, karibu na wasichana. Lakini bila saini ya kafili, yaani bosi aliyemdhamini, mwili haupandi ndege. Nikaenda nyumbani kwa bosi, Al-Nuzha.

"Mafi safari, haendi popote," bosi akasema. "Azikwe hapa, halas. Na wewe si ndugu yake."

"Ndugu yake ni nani basi, baba? Wewe?"

Akashika simu. Nikajua anaita polisi. Sikuinuka.

Layan akashuka ngazi, macho mekundu. "Baba, miaka yote Filo alitukatia mkate, yeye akachukua wa mwisho. Leo achukue wa kwanza."

 

Bosi akaweka simu chini, akaomba kalamu.

Msiniambie nimshukuru. Angetoa gari la kumpeleka Filo hospitali mapema, nisingekuwa nabembeleza saini.

Filo, unasafiri kesho. Masista watakuwa getini.

Leo hapa salon nimewakatia wasichana mkate. Kipande cha kwanza nimekiweka kando, chako. Cha mwisho nimekula mimi.

Lala sasa, dada yangu. Madam hana kengele ya kukuita huko.