Chai ya Manundu Ikanywewe Sindeni

Mara ya kwanza kuita wanawake ili niwauzie chupa za chai, niliwaitia nyumba ya tatu kutoka kwangu, palepale Manundu, na sikuuza hata moja.

Nilikuwa fundi cherehani. Miongoni mwa wateja wangu alikuwamo mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka pale Korogwe mjini, ambaye nilimshonea blauzi kwa miaka mingi. Ndiye aliyenionyesha makasha mawili ya chupa za chai yaliyokuwa yamekaa stoo mpaka yakaota utando wa buibui. Chupa zilikuwa nzuri, nyekundu na za buluu, zimechorwa waridi.

"Wanaume wakija dukani wanazitazama, wanaziweka chini," aliniambia. "Anayechemsha chai ni mwanamke, na mwanamke haji dukani. Chukua wewe, zipeleke majumbani."

Akanieleza namna yao wenyewe ya kuuza bangili. Unamwomba mwanamke mmoja nyumba yake, yeye anaita wenzake, mnakunywa chai, kila mtu anashika bangili na kuijaribu mkononi. Mwenye nyumba unampa zawadi. Niliona jambo lenyewe jepesi kama kukoroga uji.

Basi nikamwomba jirani, akaita wanawake tisa. Nilichemsha chai asubuhi, nikaitia chupani, nikaenda nayo. Baada ya saa mbili za maongezi nikaifungua mbele yao, nikamimina. Moshi ukapanda. Nikatulia kungoja wapige vigelegele.

"Umeitia sasa hivi," akasema mmoja.

"Nimeitia asubuhi, dada yangu."

"Jiko lako si lile pale? Hata moshi wake naouona."

Mwenye nyumba naye, badala ya kunitetea, akasema yeye akitaka chai ya moto huwasha moto. Wakacheka, wakamaliza chai yangu, wakaenda zao. Zawadi ya mwenye nyumba, kikombe na kisahani chake, ilibidi niitoe vilevile, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwapo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na hakujua kukata tamaa. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Wifi, kosa letu ni ukaribu. Hawa jiko lako wanaliona. Twende mahali ambapo mtu hawezi kusema tumechemshia njiani."

"Wapi?"

"Sindeni. Nina shangazi pale."

Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, mtu wa kupima kila kitu. Alisikiliza, akakunja gazeti lake, akasema hana neno, ila tusiende mbali kuliko pale tunapoweza kwenda na kurudi kabla ya magharibi. Wifi akamwambia kaka yake asiwe na wasiwasi. Nami nikaitikia hivyohivyo.

Tulipanda basi la Handeni asubuhi, chupa ya mfano nimeipakata kama mtoto mchanga, nyingine sita zimo kwenye kapu, zimeviringishwa kwenye vipande vya vitambaa vya kushonea. Basi lilikuwa likirusha watu. Kila tukiingia shimoni wifi alipiga kelele, "Dereva, tumebeba vioo!" na abiria wakageuka kutazama vioo hivyo, wakaona kapu na wanawake wawili wanaotoka jasho.

Shangazi yake alikuwa bibi mkavu, mwenye macho makali na nyumba safi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Nimewaita wote, hata ninaogombana nao."

Na kweli walijaa barazani, kama ishirini, wengine wametoka moja kwa moja shamba la kijiji na majembe yao. Nikaeleza kwamba chai hii imechemshwa Manundu baada ya swala ya alfajiri. Nikamimina. Moshi ukapanda. Safari hii hakuna aliyesema nimechemshia uani; wote walikuwa wametuona tukishuka kwenye basi. Mwanamke mmoja alionja, akashika shavu, akawaambia wenzake kwa Kizigua kwamba imemuunguza ulimi. Wifi akanikonyeza.

Kisha yule bibi akauliza, kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, wewe jua hili unaliona?"

"Naliona, bibi."

"Sasa sisi joto tunalo mpaka tunalikimbia. Umetuletea la kuweka akiba?"

Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha mbuzi waliolala kivulini. Mimi niliona aibu mpaka masikioni. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Inatunza baridi pia."

"Baridi gani?"

"Hata barafu."

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimesikia tu kwa yule mama wa dukani, siku moja nikiwa nampima kiuno, na pini zimejaa mdomoni. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bibi akasema vizuri, Ijumaa ijayo nirudi na barafu, atawaita tena. Wengi pale hawakuwa wamewahi kuiona.

Ndani ya basi la kurudi, wifi hakumpigia dereva kelele hata kwa shimo moja. Tulipokaribia Korogwe akauliza, "Barafu ni kweli?"

"Sijui."

"Afadhali umesema ukweli hata kama ni kwangu tu."

Ijumaa ilipofika nilikwenda asubuhi kwenye hoteli moja pale mjini iliyokuwa na friji la mafuta ya taa. Mpishi alinipa bonge la barafu, nikalifunga kwenye kanga kuukuu na kulitwanga kwa mchi mpaka vipande vikaweza kupita kwenye mdomo wa chupa. Njia nzima nilikuwa naitikisa chupa sikioni. Ikisema kili-kili, moyo unatulia. Ikinyamaza, natikisa tena. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu aliniuliza kama ni dawa.

Sindeni walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Nikafungua, nikainamisha chupa juu ya sinia, na barafu ikatoka. Ilikuwa imepungua, vipande vimekuwa vidogo kama kokoto za mtoni, lakini ilikuwa barafu. Bibi alichukua kipande akakitia kiganjani, akakitazama, ghafla akakitupa.

"Kinauma!"

Kuku akakidonoa palepale. Akasimama, akatikisa kichwa, akatembea kinyumenyume hatua tatu nne, akakimbilia kwenye mihogo. Wanawake walianguka kwa kicheko. Kila mmoja sasa akataka kipande chake. Mmoja anakishika, anapiga mayowe, anampa jirani, naye anapiga mayowe.

Kelele hizo ndizo zilizomleta balozi wa nyumba kumi. Alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, daftari kwapani, na uso wa mtu aliyejitayarisha kusema maneno mazito. Miaka ile, vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinaanza, mkusanyiko usio na taarifa ulikuwa jambo la kuulizwa, na mchuuzi kutoka mjini aliulizwa zaidi. Mimi nilishaanza kufunika kapu kwa upande wa kanga yangu.

"Ndugu wananchi," akaanza, "mkutano huu una kibali cha nani?"

"Changu," akasema bibi, akimimina kikombe kutoka kwenye ile chupa. "Karibu maji, mkwe."

Hapo ndipo nilipojua kwamba balozi alikuwa amemwoa binti wa nyumba ile. Kijana aliinamisha kichwa, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu kupokea kwa mama mkwe wake, akapiga funda kubwa. Maji yakateremka. Kipande cha barafu kikabaki.

Nilimwona akishtuka. Kukitema mbele ya mkwe hawezi. Kukitafuna hajui kama kinatafunwa. Akakihamishia shavu la kulia, kikamuuma. Akakirudisha la kushoto. Machozi yakamlengalenga.

"Endelea, mkwe," bibi akamwambia. "Ulikuwa unatueleza habari ya kibali."

"Nhugu wanahi..." akasema, akanyamaza.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wote walikuwa wameinamia chini, mabega yanatetemeka, na wifi yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga mpaka nikahofu atakosa pumzi. Balozi akakaa mkekani. Akangoja kiyeyuke. Ilichukua muda mrefu, naye alitumia muda ule kuitazama chupa, waridi zake, na kizibo chake.

Kinywa kilipopata nafasi, hakuuliza tena kibali. Aliuliza, "Na chai nayo inakaa?"

"Inakaa, ndugu balozi."

Alichukua ya buluu. Alisema ni kwa ajili ya mikutano, wazee huwa wanakaa muda mrefu. Baada yake zilizobaki kapuni hazikutimiza hata dakika kumi.

Tungekuwa na akili tungebaki na barabara ile ya Handeni, kituo hadi kituo. Lakini wifi alikuwa ameonja ushindi. "Ikiwa kwenye joto tumeuza," alisema, "kwenye baridi je? Twende Bungu. Kule milimani chai ya moto ndiyo maisha."

Mwanamke mmoja kutoka Bungu aliyekuwa akiuza maharage sokoni Korogwe alikubali kutupokea. Nilimuuliza nyumba yake iko mbali kiasi gani na pale lori linaposhusha. Akaelekeza kwa midomo, akasema, "Hapo tu."

Watu wa tambarare, tulikuwa hatujui "hapo tu" ya mlimani.

Lori lilitushusha saa tatu asubuhi. Tukapanda. Tuliyekutana naye tukamuuliza, akasema hapo tu. Tukateremka bonde, tukavuka kijito, tukapanda tena. Mama mwingine mwenye mzigo wa kuni kichwani, asiyehema hata kidogo, akasema hapo tu, akatupita. Wifi alikaa chini mara tano. Mara ya sita hakukaa, aliteleza kwenye utelezi wa njia, akateremka kwa makalio kama hatua kumi, na kapu la chupa likatangulia mbele yake.

Tulisikia mlio mdogo tu, chwaa.

Nilipofika kwenye kapu nilitikisa chupa moja moja. Tano zilikuwa salama. Ile ya mfano, yenye chai, ilikuwa inalia kama njuga. Nikamwaga chai yote pale njiani, vioo vinametameta kwenye majani, na wifi, matope mpaka mgongoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Tuwaambie nini?"

"Kwanza tufike."

Tulifika alasiri. Wenyeji walikuwa wametungoja tangu asubuhi, wakachoka, wakapika, wakala, na wachache walikuwa wameanza kuondoka. Lakini walipotuona walirudi wote. Mwenye nyumba hakutuuliza habari ya chupa. Alimtazama wifi, akamletea maji ya kunawa na kanga kavu, akatuweka karibu na moto.

Kisha akavuta kikapu kikubwa kilichokuwa pembeni. Ndani kulikuwa na majani makavu ya mgomba yaliyoshindiliwa vizuri, na katikati ya majani kulikuwa na chungu chenye kifuniko. Akakitoa, akamimina chai kwenye vikombe.

Nilipiga funda, nikaunguza ulimi.

"Umeichemsha sasa hivi," nikasema.

"Aa, asubuhi," akajibu. "Tulijua mtafika mapema."

Wifi alinitazama. Nikamtazama. Yule mama akauliza, bila ubaya wowote, "Hebu na hiyo yenu tuione, tumesikia inatunza joto."

Nikatoa chupa mpya, nyekundu. Wakaipokezana mkono kwa mkono, wakasifu waridi. Bibi kizee mmoja akauliza ikianguka inakuwaje. Wifi, ambaye angeweza kumuuzia samaki maji, alifungua mdomo, akakumbuka mgongo wake, akasema, "Inavunjika, bibi. Leo imevunjika moja."

"Hiki hakivunjiki," bibi akasema, akapiga kikapu kofi.

Tulilala kwao, kwa kuwa lori lilikuwa limeshateremka. Kulipokucha walitusindikiza kundi zima mpaka barabarani, wametubebea kapu letu, na juu yake ndizi, maharage na viazi. Hatukuuza chupa hata moja. Na mimi mwenyewe, muuzaji, nilinunua vikapu viwili kama kile.

Mume wangu tulimkuta kituoni Korogwe na baiskeli yake, macho mekundu. Alikuwa ameshauliza kila lori lililotoka mlimani. Nilijitayarisha kwa maneno. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akavitazama vikapu.

"Chupa?"

"Hazikutakiwa."

"Na hivi?"

"Vinatunza chai, majani yake ni ya mgomba."

Akavifunga nyuma ya baiskeli, akatembea mbele yetu mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Hapo mabega yakaanza kumtetemeka, akalazimika kusimama na kuegemeza baiskeli kwenye ua wa watu ili acheke vizuri.

Nilimrudishia yule mama wa dukani chupa zilizobaki, nikamsimulia yote huku namkatia kitambaa. Alicheka akafuta machozi kwa ncha ya sari. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumpatia kikapu kimoja. Wiki iliyofuata wifi alikuwa tena ndani ya lori la Bungu, safari hii na kapu tupu.