Matairi Mapya na Mguu wa Mama

Jamani, leo nimepima kila kitu isipokuwa mguu wa mama yangu!

Gari langu la jipu nimeliinua springi, nikalifunga matairi makubwa kwa mikono yangu. Hata yakizunguka hayagusi madigadi, yale mabati ya juu yake. Majirani wa mtaa wetu wa Nyamirambo wakatoka kushangaa.

Mama akaja nimpeleke shambani Masaka. Mguu haufiki! Na kupandisha gauni mbele ya watu, mama yangu? Thubutu.

"We mwanangu, hii ni gari ama ni ghorofa?"

Nikakosa pa kuficha uso.

Mafundi cherehani wa jirani wakaleta stuli, wakamzungushia vitenge kama pazia. Akapanda na heshima zake.

Masaka, matope yote yale, hatukukwama. Tuliporudi nikamwekea stuli ashuke.

"Ngoja kwanza. Watu wa upande wa msikiti hawajaniona huku juu."

Nyinyi mngekataa? Nimemzungusha mtaani mara tatu.