Verediana Aliyekalia Makasia

Hii nilisimuliwa na Verediana mwenyewe, mwaka jana mwezi wa saba, alipopanda huku Matiri kunisaidia kuchuma kahawa.

Alikuja kanyolewa nusu kichwa. Kushoto kipara, kulia nywele tele.

Nikamuuliza, "Mwanangu, wembe uliisha makali?"

Akacheka mpaka ndoo ya kahawa ikamponyoka.

Kwao ni Lundo, ufukweni mwa ziwa. Wanawake wa ukoo wake wana jambo lao. Upepo mkali wa mwera, ule unaozamisha mitumbwi, ukiwa njiani, ziwa bado limetulia tuli, nyayo zao zinapoa. Mchanga unaunguza, wao wanahisi wamesimama kijitoni.

Bibi wa mama yake alikuwa nalo. Enzi za Mjerumani alikataza mtumbwi wa mizigo usitoke, akachapwa viboko. Mtumbwi ukatoka, ukazama. Akachapwa tena, eti kauzamisha yeye.

Likashuka hivyo hivyo, mpaka kwa Verediana.

Mwezi wa tano aliwakataza wavuvi wawili. Wakamcheka, wakaenda. Hawakurudi.

Unadhani waliombwa radhi akina Verediana? Thubutu! Kijiji kikasema kawatumia upepo. Mansuetus, mwenye mitumbwi, akaita mganga wa kunyoa wachawi. Ukinyolewa, uchawi umekutoka. Ukikataa, unahama.

Wanawake kumi na mmoja wakanyolewa. Verediana akagoma siku tatu.

Ya nne, alasiri, anageuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja, nyayo zikapoa.

Akatazama majini. Wanaume kumi na wawili wanapakia nyavu na taa.

Akisema na upepo ukaja, basi mchawi ni yeye, kesi imekwisha. Akinyamaza na kukubali wembe, anabaki na nyumba yake, na wajane kumi na wawili.

Akaenda akakusanya makasia yote, akayarundika, akayakalia.

"We mama, inuka hapo!" Mansuetus akafoka.

"Mwera unakuja. Leo hatoki mtu."

"Mnamsikia? Kakiri! Mganga, lete wembe."

"Alete. Nitanyolewa hapa hapa nilipokaa. Ila polepole, baba, nywele zangu ngumu."

Tobias, mvuvi mmoja, akaangua kicheko, akaketi mchangani. Wenzake nao wakaketi. Nani aache sinema ya bure?

Wembe ulipofika katikati ya kichwa, ziwa likabadilika rangi.

Jamani, mwera ule! Uling'oa chanja, usipa wakaruka kama panzi. Mtumbwi mmoja mtupu ukapigwa mwambani, ukapasuka vipande. Mganga alikimbia na wembe wake mkononi.

Wanaume wote kumi na wawili wako nchi kavu, wazima.

"Kauleta!" Mansuetus akapiga kelele. "Si mmeona? Kesho simtaki hapa!"

Ndipo akasogea Bibi Hildegardi, mama mzazi wa Mansuetus. Yeye ndiye aliyenyolewa wa kwanza. Akakaa juu ya makasia, bega kwa bega na Verediana.

"Mama, toka hapo, unanitia aibu."

"Siku baba yako anazama, nyayo zangu zilipoa tangu asubuhi. Nikaogopa kuitwa mchawi. Nikamfungia chakula chake, nikamwambia nenda salama."

Mansuetus akarudi nyuma hatua moja.

"Miaka thelathini na minane nimenyamaza. Ukimhamisha huyu, nifungie na mimi mzigo wangu."

"Na mimi zimepoa leo," akasema Oliva, mke wa Tobias, kipara chake bado kina mikwaruzo. Akaketi. Wakafuata wengine wawili. Kumbe jambo lile halikuwa la ukoo mmoja tu.

Tobias akamtazama mkewe, akavua koti, akamfunika.

Hakuhamishwa mtu. Na ule upande wa nywele Verediana kakataa kuumaliza. Anasema wautazame vizuri, wakumbuke siku ile.

Wajukuu zangu, ukijua neno la kumwokoa mtu, liseme. Wakikuita mchawi, itika, halafu endelea kusema.

Jioni ile Hildegardi hakurudi kwa mwanawe. Alijilaza kwa Verediana giza halijaingia vizuri, akamweleza habari za mumewe, alivyopenda utani, alivyoimba vibaya kanisani. Katikati ya neno akaanza kukoroma.

Verediana akamvutia shuka mabegani, akajinyoosha pembeni yake, naye akalala.