Samaki Watatu wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu, mwanamke wa biashara kule Hombo, ndiye aliyemletea Papa, baba yetu, akwariamu. Aliifikisha kwetu Nyabiondo kwa pikipiki, kioo kimezungushiwa blanketi, samaki watatu wekundu wakiwa ndani ya bidoni, dumu la plastiki. Ilikuwa ndogo, bidoni moja ya maji iliijaza mpaka juu. Alikaa siku mbili, akamwonyesha Papa namna ya kuwalisha, akarudi kwenye biashara yake.

Mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyeishi na Papa tangu miguu yake ilipokufa. Nilimwogesha, nikampikia sombe la majani ya muhogo, nikamgeuza kitandani. Sasa nikirudi shambani, haulizi kama maharagwe yameota. Ananiambia yule mwenye mkia mrefu amekula vizuri. Wageni wakiingia, anawaelekeza kwenye kioo.

"Ona kitu mutoto wangu alinileteya."

Nami nimesimama papo hapo, sahani yake mkononi.

Nikaamua na mimi niwe na samaki mle ndani. Jirani yetu anafuga tilapia kwenye kidimbwi nyuma ya nyumba. Nilimwomba vitoto saba, urefu wa kidole kila kimoja. Papa akaniona nikiingia na sufuria.

"Wako wangapi?"

"Saba, Papa."

"Na wale tatu, inafanya kumi. Mama," ndivyo anavyoniita mimi bintiye, "maji hii iko kidogo. Weka mbili, wengine urudishe."

"Wa kwake wabakie wote, na mimi niweke mbili tu?"

Nikawamimina wote saba.

Asubuhi ya tatu maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa juu, wakipanua vinywa kutafuta hewa, na wekundu wawili wameelea ubavu, wamekufa. Papa hakunigombeza. Aligeukia ukuta, akakataa chakula. Nitasema ukweli: kabla ya aibu kunipata, nilifurahi kidogo. Furaha hiyo ikanitisha.

Nilimpigia mdogo wangu simu nikikusudia kusema baridi ya kwetu ndiyo iliyowaua. Niliposikia sauti yake, nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote, hata wivu. Akanijibu:

"Dada, kila siku nikimupigia Papa, anasema weye tu. Dada yako amepika hivi, dada yako amenigeuza vizuri. Njo maana nilitafuta kitu ya kumukumbusha mimi."

Neno hilo lilinipoza, lakini si vya kutosha. Maneno hayo Papa hakuwahi kuniambia mimi. Nikaionea wivu hata simu yake.

Nikamuuliza Papa wabaki wangapi. Alifikiri sana.

"Mbili. Moja wa kwake, moja wako."

Nikabadilisha maji, nikarudisha sita kidimbwini. Kwa wiki kadhaa wale wawili walikaa vizuri. Kisha tilapia wangu akanenepa, akaanza kumfukuza mwekundu kila kona na kumng'ata mkia. Nilimwangalia siku mbili nikijidanganya kwamba wanacheza. Siku ya tatu nikachukua kikombe, nikamtoa tilapia wangu nimrudishe kidimbwini.

"Mbona unatosha wako?" Papa akauliza.

"Atamuua mwenzake."

Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono wenye maji, akaushikilia.

Amebaki yule mwekundu mmoja, naye anatosha kwa kioo kile. Mpaka leo nikimlisha naumia kidogo, lakini namlisha.