Mzungu Wangu na Kinanda cha Nyuma ya Pazia

Nimepiga kinanda miaka mingi mjini Maskati na karibu hakuna mtu aliyewahi kuniona. Sisemi hivi kwa kulalamika. Katika harusi zetu, sisi tuliotoka Unguja, wanawake husherehekea peke yao ukumbini, na wapigaji muziki, kwa kuwa ni wanaume, huwekwa nyuma ya pazia zito. Bibi mmoja husimama pembeni ya pazia hilo, na bi harusi akifika mlangoni, bibi huyo hulivuta kidogo ili tujue tuanze wimbo wa kumwingiza. Sisi hatuoni kitu ila miguu, na hiyo nayo mpaka uiname.

Sasa mfikirie mtu aliyewekwa mahali kama hapo, halafu akajifunza kinanda kwa kumtazama mzungu wa muziki wa roki.

Nilimpata dukani Matrah, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikwenda kutafuta kanda za taarabu, muuzaji hakuwa nazo, akanipa kanda ya video ya tamasha la Waingereza ili nisitoke mikono mitupu. Bendi ilikuwa na watu kadhaa, lakini mimi nilimwona mmoja tu: kijana mwenye nywele mpaka mabegani, kazungukwa na vinanda kama muuza vyombo sokoni, mkono mmoja huku, mwingine kule, kichwa nyuma, macho kafumba. Mke wangu akapita na sinia ya mchele, akauliza yule mtu anaumwa nini.

Tangu siku hiyo nikamfuata. Kila aliyekwenda London nilimwagiza kanda zake. Nikayajua maisha yake kuliko ya binamu zangu: bendi ikavunjika, ikaungana, akafukuzwa, akabembelezwa arudi, nywele zikawa nyeupe, kisha zikaaga. Nilikuwa na wimbo wake mmoja alioupiga jukwaani akiwa kijana, akiwa mtu mzima, na akiwa mzee. Ule wa ujana, pale anapobaki peke yake na kinanda, chai yangu ilikuwa ikipoa. Wa utu uzima aliufupisha. Wa uzee aligusa sauti chache tu, akatulia, akawaachia wenziwe. Mimi nikasema ni magoti hayo, hawezi tena kusimama sana. Nikamhurumia, na nikaapa kwamba sitazeeka namna ile.

Basi nyuma ya pazia nikawa nafanya yote. Nafumba macho, narusha kichwa, ingawa nywele za kurusha sina na kilichokuwa kikiruka ni kofia. Mwimbaji wetu, mtu mpole, alikuwa akimaliza ubeti hunisubiri, akichoka hukaa chini akanywa maji. Siku moja yule bibi alivuta pazia, akavuta tena, akavuta mpaka chuma cha kulitundikia kikapinda, nami siko Maskati, niko London na mzungu wangu. Bi harusi wa watu alisimama mlangoni huku wanja unamchuruzika, mpaka mpiga ngoma aliponikanyaga mguu. Mke wangu alikuwa miongoni mwa waalikwa. Njia nzima kurudi kwetu Mawaleh hakusema neno, na mke wangu asiposema neno, ujue amekwisha sema.

Binti yetu mkubwa alipoposwa, miaka ya elfu mbili imeshakolea, nilianza mazoezi kabla hata nguo hazijachaguliwa. Niliutunga wimbo wa kumwingiza, na katikati yake nikajiachia nafasi kubwa ya kubaki peke yangu. Mcheza kwao hutunzwa, nikajiambia. Ndipo binti akaja kunieleza kwamba siku hizi mtindo umebadilika. Bi harusi huingia kashikwa mkono na babake, wanawake wanajifunika kidogo, na muziki unatoka kwenye diski. Katika maneno yote hayo mimi nililisikia moja tu, diski.

Nikanuna. Nilijua amenionea haya, mwanangu mwenyewe, niliyemlea kwa taarabu. Nikamwambia mamake kwamba madhali vidole vyangu vipo, hakuna kidude cha duara kitakachomwingiza binti yangu ukumbini. Mamake akanijibu kwamba vidole nilivyo navyo ndivyo vinavyomtia hofu.

Mambo yakiwa hivyo, habari zikaenea mjini: mzungu wangu anakuja, atapiga katika bustani ya hoteli moja kando ya bahari. Nilirukaruka kwa furaha, halafu nikapata akili. Nitamchukua binti yangu, aone kwa macho yake muziki wa mtu hai, na habari ya diski itakwisha hapo hapo. Akakubali bila ubishi, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa mtu wa kushtuka.

Mzee aliingia jukwaani na bakora, kashikwa kiwiko. Vinanda vilikuwa viwili tu. Lakini alipoviwekea mikono, machozi yakanilenga. Wimbo ule wa kanda zangu ulipofika, pale pa kubaki peke yake, aligusa sauti zile chache, akatulia. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kanda zote hazikunionyesha. Hayakuwa magoti. Alikuwa kafumbua macho, kainua uso, anatutazama. Alitutazama taratibu, safu kwa safu, kama anayetafuta mtu.

Kisha akaanza kuzungumza. Alisema watoto wake wamezoea kumwona mgongo, akitoka na mabegi. Alisema binti yake alipoolewa yeye alikuwa ziarani, ng'ambo, ikabidi ampigie muziki kwa simu. Simu ikakatika katikati, naye kafumba macho, akaendelea kupiga mpaka mwisho, akainama kupokea makofi. Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu nilijiona mjuzi wa maisha yake na hilo lilikuwa geni kwangu. Nilipogeuka nimtazame binti yangu, yeye hakuwa anacheka.

"Baba," akasema, "mie tangu mdogo nakusikia tu. Harusi zote nnajua upo, na sikuoni. Yangu mie nataka nikuone."

Nilimjibu kwamba nitalifikiria. Nilikuwa baba mwenye heshima zangu, siwezi kukubali neno papo kwa papo. Nililifikiria mpaka tulipofika kwenye gari.

Siku ya harusi nilivaa joho lililonipwaya, nikasimama naye mlangoni. Diski ikaanza kwa wakati wake, haikumsubirisha mtu, nikaichukia. Tukaingia. Wanawake wakavuta shela zao juu ya nywele, vigelegele vikapanda, na mimi, niliyewapigia miaka yote ile, nikaziona nyuso zao kwa mara ya kwanza. Nyingine ziliniona pia. Bibi mmoja wa mbele akamwuliza mwenziwe, wala hakunong'ona: "Huyu ndo yule anopiga kinanda? Mie nlidhani kijana."

Kwa kawaida neno kama hilo lingenilaza kitandani na viatu. Lakini sikupata nafasi ya kuudhika, kwa sababu ya mkono wa binti yangu. Yeye ndiye aliyepanga kila kitu, chakula, viti, maua, akituamrisha sote kama askari, na asubuhi ile ile alikuwa akimcheka mamake kwamba ana wasiwasi. Mkono wake ulikuwa baridi, na ulikuwa unatetemeka. Usoni huoni kitu, anatabasamu kushoto na kulia, ila chini, ndani ya kiganja changu, anatetemeka kama mtoto mwenye homa. Nikaukaza. Akanikazia na yeye, tukaenda.

Ningekuwa nyuma ya pazia ningempigia vizuri sana, na nisingejua.